Eneo, Gharama na Jirani: Uhakiki wa Lugha ya Uelekezaji katika Mtandao wa HECnet

0. Utangulizi

Uhakiki umezoea kushughulikia matini ambazo binadamu humwandikia binadamu mwenzake: shairi, riwaya, tamthilia, hotuba. Zipo, hata hivyo, matini fupi ambazo binadamu huiandikia mashine, lakini matokeo yake huwafikia binadamu wengine walio mbali. Amri za kupanga njia za mawasiliano kati ya kompyuta ni miongoni mwa matini hizo. Zina msamiati wake, sarufi yake, na picha yake ya jamii. Kwa sababu hiyo zinaweza kuhakikiwa.

Mfano unaochunguzwa hapa ni HECnet, mtandao wa wapenzi wa kompyuta kongwe, hasa zile za kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Maynard, Massachusetts, nchini Marekani. Kampuni hiyo iliasisiwa mwaka 1957, ikanunuliwa na Compaq mwaka 1998, nayo Compaq ikamezwa na Hewlett-Packard mwaka 2002. Mashine zake hazikutoweka pamoja na jina lake. PDP-11, iliyoingia sokoni mwaka 1970, na VAX, iliyoanza mwaka 1977, bado huwashwa katika nyumba za watu binafsi. Nyingine huigwa ndani ya kompyuta za kisasa kwa programu kama SIMH, iliyoanzishwa na Bob Supnik mwaka 1993. Kinachoziunganisha ni DECnet, itifaki ya kampuni yenyewe, ambayo pakiti zake husafirishwa leo juu ya intaneti.

Dai linalotetewa ni moja. Lugha ya amri za DECnet imehifadhi picha ya kampuni iliyoizaa, kampuni yenye wakubwa na wadogo, ambamo amri moja ilitosha. Katika mtandao usio na mkubwa, amri ileile haitoshi mpaka itanguliwe na mapatano. Hitilafu nyingi za njia katika mtandao wa aina hii hutokana na pengo hilo, wala si uzee wa mashine.

1. Ulimwengu ulioizaa lugha hii

Digital ilianza kutoa DECnet katikati ya miaka ya 1970 ili PDP-11 iweze kuzungumza na PDP-11 nyingine. Awamu ya Tatu iliruhusu nodi 255 tu. Awamu ya Nne, ambayo maelezo ya tabaka lake la uelekezaji yalitolewa mwaka 1983, iliipa anwani biti 16: biti 6 za kutaja eneo, na biti 10 za kutaja nodi ndani ya eneo. Kwa hiyo maeneo ni 63, na kila eneo laweza kuwa na nodi 1023, yaani jumla ya nodi 64,449. Anwani huandikwa kwa nukta katikati, 7.25 ni nodi ya 25 katika eneo la 7.

Mgawanyo huo si wa hesabu peke yake. Kugawa ulimwengu katika maeneo ni kudai kwamba walio ndani ya eneo moja wanajuana, na kwamba walio nje wanahitaji kujua mlango tu. Ndivyo zilivyopangwa ngazi za DECnet. Nodi ya mwisho haijui njia yoyote. Humkabidhi jirani aliye ruta pakiti zake. Ruta ya ngazi ya kwanza huijua kila nodi ya eneo lake, lakini kuhusu nje inajua jambo moja, nalo ni mahali ilipo ruta ya ngazi ya pili iliyo karibu. Ruta ya ngazi ya pili huzijua njia za kwenda maeneo mengine bila kuwajua wakazi wa maeneo hayo.

Kwa kampuni yenye viwanda na ofisi, picha hiyo ilikuwa sahihi. Eneo liliweza kuwa kiwanda kimoja au mji mmoja, na palikuwapo mtu aliyelipwa mshahara ili alisimamie. Lugha ya amri, iitwayo NCP, ilitungwa kwa ajili ya mtu huyo. Sentensi yake huanza kwa kitenzi, kisha hutaja kitu, kisha sifa ya kitu hicho, kisha thamani. Mfano ni huu: SET EXECUTOR ADDRESS 7.25. Kitenzi huagiza kuweka. Kinachowekewa ni mtekelezaji, yaani mashine ileile inayopokea amri. Sifa ni anwani. Thamani ni 7.25.

Sarufi hiyo ni safi na haina maneno ya ziada. Yafaa kutambua, lakini, kile ambacho haina. Hakuna kitenzi cha kuomba, wala cha kumuuliza jirani kama anakubali. Mwenye mashine anaweza kuiambia kuwa ni 7.25 hata kama 7.25 yuko tayari upande wa pili wa bahari, naye NCP hatamkanya. Katika kampuni, ukimya huo haukuwa kasoro, kwa kuwa swali la nani apewe namba ipi lilikuwa limekwisha kujibiwa ofisini kabla ya amri kuandikwa.

2. Eneo: mahali au mtu?

HECnet haina ofisi ya namna hiyo. Kuna uratibu wa namba, unaofanywa kwa hiari na kwa kuaminiana. Anayejiunga hupewa eneo lake, au hupewa namba ndani ya eneo la mwenzake. Hapo neno eneo limebadilika maana pasipo mashine kuarifiwa. Kwa wabunifu wa mwaka 1983 lilimaanisha mahali. Kwa wapenzi wa leo linamaanisha mtu, au kikundi cha marafiki. Mtu huhama, hugawa mashine zake, humpa rafiki aliye nchi nyingine namba moja kati ya zake. Mahali hapafanyi hivyo.

Tofauti hiyo hudhihirika pale eneo linapovunjika. Tuseme mwenye eneo la 7 anaishi Uswidi, na ruta yake ya ngazi ya pili ni 7.1. Rafiki yake aliyeko Marekani amepewa namba katika eneo hilohilo. Ruta yake, nayo ya ngazi ya pili, ni 7.2, na nyuma yake iko VAX yenye anwani 7.40. Wawili hao hawana kiungo cha moja kwa moja. Kila mmoja ameunganishwa na mtu wa tatu, aliyeko Uholanzi katika eneo la 9. Saketi ya Uholanzi kwenda Uswidi imepewa gharama 3, na ile ya kwenda Marekani imepewa gharama 8.

Mtu wa Uholanzi anataka kuifikia 7.40. Ruta yake haiulizi 7.40 yuko wapi. Kwa kanuni ya ngazi ya pili huuliza tu eneo la 7 liko wapi. Jibu la bei nafuu ni Uswidi. Pakiti hufika 7.1, ambayo ndiyo yenye wajibu wa kuwajua wakazi wote wa eneo la 7, nayo haijapata kusikia habari za 7.40. Pakiti hutupwa. Upande wa pili mambo ni ya ajabu zaidi. VAX iliyoko Marekani inaweza kutuma ujumbe Uholanzi bila kizuizi, kwani 7.2 inaijua njia ya kwenda eneo la 9. Jibu likitumwa huelekezwa Uswidi na kufia huko. Barua huenda, jibu halirudi, na kila mwenye ruta akikagua mashine yake huiona imeandikwa sawasawa.

Kwa desturi wa kwanza kulaumiwa ni gharama. Mtu wa Uholanzi hubadili 8 kuwa 2, na mara 7.40 inaonekana. Lakini sasa mashine zote za Uswidi zimetoweka machoni pake, kwa kuwa eneo la 7 limehamia Marekani katika hesabu ya ruta yake. Hakuna thamani ya gharama inayoweza kuponya hali hiyo, maana kosa haliko katika urefu wa njia. Liko katika dai kwamba sehemu mbili zisizogusana ni eneo moja.

Tiba ni mbili. Ama wenye 7.1 na 7.2 wafungue kiungo kati yao, ili ruta zao ziwe majirani ndani ya eneo na zipashane habari za nodi zao. Ama mmoja wao apewe eneo jingine na abadili namba za mashine zake zote. Tiba ya kwanza huhitaji watu wawili wakubaliane juu ya kiungo kinachopaswa kuwa hewani siku zote. Ya pili humtaka mtu aache namba aliyopewa na rafiki kama ishara ya udugu. Zote mbili ni maongezi kabla ya kuwa amri.

Ujumbe ambao mfumo wa VMS humpa mtumiaji katika hali hii husema kwamba nodi ya mbali haifikiki kwa sasa. Kwa mhakiki, maneno hayo yana udhaifu. Kusema kwa sasa ni kuahidi kwamba kusubiri kutasaidia, na katika eneo lililovunjika kusubiri hakusaidii kitu.

3. Gharama na uaminifu wa jirani

Neno gharama lenyewe lahitaji uangalifu. Msomaji wa Kiswahili, sawa na msomaji wa Kifaransa, hulisikia kwanza kama neno la fedha. Katika DECnet hakuna fedha inayolipwa. Gharama ni tarakimu kuanzia 1 hadi 63 ambayo mwenye mashine huipa saketi yake. Katika VMS, asipoitaja, huwa 10. Ruta hujumlisha gharama za saketi zote njiani na kuchagua jumla iliyo ndogo. Jumla hiyo haiwezi kuzidi 1022.

Habari za jumla hizo hupitishwa kwa mdomo, kana kwamba ni sokoni. Kila ruta humwambia jirani yake: mahali fulani panafikika kupitia kwangu kwa gharama fulani. Jirani huamini, huongeza gharama ya saketi yake, kisha hupeleka habari mbele. Haendi kuthibitisha. Kiungo kinapokatika, ruta mbili zinaweza kuendelea kusifiana njia ambayo haipo tena, kila moja ikitegemea habari iliyoipata kwa mwenzake, huku gharama ikipanda hatua kwa hatua mpaka ivuke kikomo na mahali pale patangazwe kuwa hapafikiki. Ndiyo sababu ya kuwepo kwa vikomo vya gharama na vya idadi ya miruko. Mwenye ruta akiviacha juu mno, uvumi hudumu. Akivishusha mno, hujikatia wenzake walio mbali kweli. Katika Awamu ya Tano, Digital iliuacha mpango huo na kufuata mwingine, ambamo kila ruta hutangaza hali ya viungo vyake yenyewe badala ya kurudia habari za jirani. Kazi ya Radia Perlman, aliyekuwa mhandisi wa Digital, ilichangia mpango huo, ambao ndio ulioizaa itifaki ya IS-IS inayotumika hata leo.

HECnet, ikibaki katika Awamu ya Nne, inaishi kwa neno la jirani. Kwa hiyo gharama iliyoandikwa kizembe ni kauli ya uongo ambayo wengine wataitumia. Anayeipa saketi yake nyembamba ya nyumbani gharama 1 huwavuta wageni wapitie kwake, kisha hushangaa kuona mashine yake imelemewa.

Uongo mwingine hausemwi na mtu, bali na chombo. Sehemu ya HECnet imeunganishwa kwa programu ya daraja, ambayo huchukua pakiti za Ethernet upande mmoja na kuzitoa upande mwingine wa intaneti kama zilivyo. Mashine iliyo Ulaya na iliyo Marekani hudhani ziko kwenye waya mmoja. Faida yake ni kubwa: hata mashine kongwe isiyojua lolote kuhusu intaneti inaweza kushiriki. Lakini saketi moja ina gharama moja. Jirani wa chumba cha pili na jirani wa bara la pili huhesabiwa sawa, na lugha haina mahali pa kuandika tofauti yao. Wanaotumia kiungo cha watu wawili wawili, kwa mfano kupitia ruta za Cisco, hupata saketi ya pekee kwa kila jirani, na kwa hiyo hupata nafasi ya kusema ukweli juu ya kila umbali. Kazi ni nyingi zaidi, lakini matini inayotokana nayo husema kweli zaidi.

Daraja lina hatari nyingine. DECnet hubadili anwani ya kadi ya Ethernet kufuatana na anwani ya nodi. Kwa 7.25, huzidishwa 7 kwa 1024 na kuongezwa 25, ikawa 7193; katika hesabu ya kumi na sita ni 1C19; nusu zake hugeuzwa, na kadi hujiita AA-00-04-00-19-1C. Watu wawili wasiojuana wakijipa namba moja na wakakutana darajani, kadi zao huwa na jina moja kwenye waya mmoja, na pakiti za mmoja humfikia mwingine. Lugha iliyowaruhusu kuandika amri zao haikuwa na kitenzi cha kuuliza.

4. Weka na andika: suala la Kiswahili

Kueleza jambo hili kwa Kiswahili kuna mtego na kuna faida. Mtego uko katika vitenzi. NCP ina jozi tatu. SET na DEFINE vyote huelekea kutafsiriwa weka. SHOW na LIST vyote onyesha. CLEAR na PURGE vyote ondoa. Tafsiri hiyo hupoteza kiini. Kitenzi cha kwanza cha kila jozi hugusa daftari la muda, lililo katika kumbukumbu ya mashine inayofanya kazi. Cha pili hugusa daftari la kudumu, lililo kwenye diski. Anayetumia SET peke yake huona njia zake zikifanya kazi papo hapo, na huzikosa zote mashine ikizimwa na kuwashwa tena. Anayetumia DEFINE peke yake huona hakuna kilichobadilika, akarudia amri, akachanganyikiwa, mpaka siku mashine itakapowashwa upya.

Kwa msomaji anayeishi penye umeme wa kukatikakatika, tofauti hiyo si ya nadharia. Yafaa jozi zitofautishwe: weka na andika, onyesha na soma, ondoa na futa. Kilichowekwa kinaweza kuondolewa na umeme. Kilichoandikwa husubiri mkono wa kukifuta. Kiswahili kina vitenzi hivyo tayari, na hakuna haja ya kuunda vipya.

Faida iko katika neno itifaki. Wengi hulisikia leo kama neno la sherehe za serikali au la mafundi. Asili yake ya Kiarabu ni mapatano, na maana hiyo bado imo ndani yake. Neno hilo husema waziwazi kile ambacho NCP hukinyamazia. Anayefundisha kwamba itifaki ni mapatano kabla ya kuwa kanuni ameshamweleza mwanafunzi kwa nini eneo la 7 limevunjika.

Majina nayo yanathibitisha hilo. Katika Awamu ya Nne jina la nodi, lisilozidi herufi sita, haliko katika mtandao. Liko katika daftari la kila mashine peke yake. Nodi moja inaweza kuitwa jina moja kwa huyu na jina jingine kwa yule, na pakiti zisijali. Ili wanachama wa HECnet wazungumze kwa majina yaleyale, hunakili orodha kutoka mashine moja inayotambuliwa na wote, iitwayo MIM. Hakuna kinachowalazimisha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa yafaa kuongeza kwamba daftari likiwa la mtu mmoja mmoja, habari nayo hupotea.

5. Pingamizi

Inaweza kupingwa kwamba maeneo ya DECnet yaligawanywa baina ya taasisi huru tangu zamani. Mtandao wa SPAN wa NASA na ule wa HEPnet wa wanafizikia ulitumia DECnet na kuvuka mipaka ya nchi. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini mitandao hiyo ilikuwa na waratibu walioajiriwa na taasisi zenye bajeti, na hata hivyo kuaminiana kwake kulitumiwa vibaya: mwezi wa Oktoba 1989 programu haribifu ya WANK ilisambaa katika SPAN kwa kupitia DECnet. Mfano huo hauvunji dai. Unaonyesha kwamba pengo kati ya amri na mapatano lilikuwapo hata pale palipokuwa na ofisi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwa nini kuhakiki lugha inayokufa? Mwaka 2020 kampuni ya HPE ilitangaza mwisho wa mpango wake wa leseni za bure kwa wapenzi wa VMS, na VSI, iliyorithi uendelezaji wa mfumo huo, haikuijumuisha VAX katika leseni zake za jumuiya. Mwaka 2022 DECnet iliondolewa katika kiini cha Linux, toleo la 6.1. Milango inafungwa mmoja baada ya mwingine. Jibu ni kwamba vitabu vya mwongozo vipo na vitabaki, lakini havina sura juu ya eneo lililovunjika kati ya marafiki, kwa kuwa waliovitunga hawakuwa na jambo hilo mbele yao. Ujuzi huo umo vichwani mwa watu wachache walioupata kwa kukosea. Wasipouandika, atakayewasha VAX kesho ataisoma sarufi yote ya NCP na hataijua itifaki.

6. Hitimisho

Lugha ya uelekezaji ya DECnet ina sifa ya uchache na uwazi, na kasoro ya kudhani kwamba mwenye kuamuru yuko peke yake. HECnet imeitumia lugha hiyo katika jamii ya watu walio sawa, na kwa kufanya hivyo imefichua maana zilizokuwa zimefichwa na mamlaka ya kampuni: eneo ni ahadi ya kugusana, gharama ni kauli kwa jirani, na jina ni jambo la kukubaliana. Anayetaka kupanga njia katika mtandao wa namna hii aanze na barua kwa wenye ruta zilizo jirani naye. Wakishaelewana juu ya namba, viungo na gharama, aweke kwanza, apime kwa siku kadhaa, kisha aandike.